Ukiujua Mwili wa Chura, Utajua Namna ya Kumwokoa



Mfugaji wa kuku hapa Kibamba anajua jambo moja: kuku hatoi jasho. Joto likizidi, kuku hupanua mdomo, akahema haraka haraka na kutanua mabawa. Hivyo ndivyo anavyopoza mwili wake. Mfugaji anayelijua hili hujenga banda lenye wavu ili upepo upite. Asiyelijua huziba banda kwa mabati pande zote. Mchana akikuta kuku wamekufa, anasema ni mdondo.

Kujua jinsi mwili wa kiumbe unavyofanya kazi ni elimu. Ni kujua anavyopumua, anavyokunywa, anavyozaa na anavyopambana na joto au ugonjwa. Wataalamu wanaiita fiziolojia. Elimu hii si ya bandani tu. Inasaidia pia kuokoa wanyama na mimea ya porini isipotee. Tutazame mfano wa hapa hapa nchini Tanzania: chura wa Kihansi.

KIHANSI NI WAPI?

Mto Kihansi unateremka kutoka milima ya Udzungwa kuelekea bonde la Kilombero. Njiani maji huanguka ndani ya korongo refu. Zamani maji hayo yalipogonga mawe yalirusha manyunyu usiku na mchana, masika na kiangazi. Majani ya kando ya maporomoko yalikuwa mabichi na yenye maji siku zote.

Mwaka 1996, katika kazi za ujenzi wa kituo cha umeme, wataalamu waliwaona vyura wadogo wa rangi ya manjano ndani ya manyunyu hayo. Chura mzima hafiki sentimita 3. Makao yao yalikuwa kama hekta 2 tu, yaani karibu ekari 5. Hilo ni shamba la mkulima mmoja. Dunia nzima vyura hao hawakuonekana mahali pengine.

Kufika mwaka 2000 kituo cha Kihansi kilikuwa kinatoa umeme. Uwezo wake ni megawati 180. Umeme huo unaingia katika gridi ya taifa, na sisi tunaowasha taa Kibamba tumo katika kuutumia. Lakini ili kuzungusha mitambo, maji mengi ya mto yalipitishwa kwenye handaki. Katika maporomoko ikabaki kama sehemu moja tu kati ya kumi. Manyunyu yakaisha. Majani yakaanza kukauka, na vyura wakapungua.

KWA NINI CHURA ASIHAME?

Mtu atauliza: "Mto bado upo. Kwa nini chura asishuke tu kwenye maji?" Swali ni zuri. Jibu limo mwilini mwake.

Kwanza, chura hanywi maji kwa mdomo kama sisi. Maji anayapata kwa kupitia ngozi. Ngozi hiyo ni nyembamba, na hewa pia hupita humo. Ngozi ikikauka, chura hupata shida ya maji na ya hewa kwa wakati mmoja. Chura mdogo hukauka upesi zaidi, kama vile kitambaa kidogo kinavyowahi kukauka kuliko blanketi.

Pili, vyura tunaowasikia hapa kwetu wakati wa masika hutaga mayai majini. Mayai hutoa viluwiluwi, na viluwiluwi huogelea mpaka wawe vyura. Chura wa Kihansi hafanyi hivyo. Yeye huzaa. Watoto hukua tumboni mwa mama, nao huzaliwa wakiwa vyura kamili, wadogo kama punje ya mchele. Kwa hiyo bwawa halimsaidii kitu. Anachohitaji ni hewa yenye unyevu na majani yaliyolowa.

Hapo ndipo elimu ya mwili ilipotoa jibu la kazi. Wataalamu hawakuchimba bwawa. Walitandaza mabomba kando ya maporomoko na kufunga vinyunyizio vya kurusha matone madogo madogo, kama manyunyu yale ya zamani. Majani yakarudi kuwa mabichi. Vyura wakaongezeka tena. Katikati ya mwaka 2003 walikadiriwa kuwa wapatao 20,000.

UGONJWA WA NGOZI

Basi watu wakadhani mambo yamekwisha. Kumbe bado. Katika mwaka huo huo wa 2003 vyura walianza kufa kwa wingi. Januari 2004 walionekana watatu tu.

Vyura waliokufa walipopimwa, ngozi zao zilikutwa na kuvu. Kuvu ni jamaa ya ukungu unaoota kwenye mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu. Kuvu huyu wa vyura ameua vyura katika nchi nyingi duniani. Wapo wataalamu waliofikiri pia kwamba dawa za kuua wadudu zilizotoka mashambani, upande wa juu wa mto, zilichangia.

Sasa ugonjwa wa ngozi unauaje? Binadamu akipata choa, anajikuna tu. Mwaka 2009 wataalamu walieleza walichokiona kwa chura wa kijani wa Australia. Ngozi ya chura haileti maji peke yake. Inaleta pia chumvi ambazo mwili unazihitaji. Kuvu akishambulia ngozi, kazi hiyo inaharibika. Chumvi ndani ya damu hupungua. Moyo hauwezi kupiga sawasawa bila chumvi hizo, na mwishowe unasimama. Kumbe chura anayeonekana kuugua ngozi huuawa na moyo.

Maarifa haya yanaonyesha mahali pa kuweka ulinzi. Kuvu huyu hupenda ubaridi na unyevu. Hukauka akafa juani, na joto kali humwangamiza. Kwa hiyo anayeingia korongoni hutakiwa kusafisha viatu kwa dawa, asije akamleta kuvu kwenye tope la viatu. Na chura hupimwa kwa kupanguswa ngozi kwa pamba, bila ya kumwua.

SAFARI YA MAREKANI NA KURUDI

Bahati njema, vyura wapatao 500 walikuwa wamepelekwa Marekani mwishoni mwa mwaka 2000, kabla ya ugonjwa huo kuonekana Kihansi. Bustani za wanyama za Bronx na Toledo ndizo zilizofanikiwa kuwatunza mpaka wakazaana.

Mwanzoni haikuwa rahisi. Vyura wengi walikufa. Manyunyu walipewa, chakula walipewa, lakini hayo hayakutosha. Wengine walikuwa na minyoo kwenye mapafu. Tena taa za kawaida hazikuwafaa. Katika mwanga wa jua mna miale inayousaidia mwili kutengeneza vitamini ya kuimarisha mifupa. Chura anayefungiwa ndani anahitaji taa yenye miale hiyo. Watunzaji walijifunza mahitaji ya mwili mmoja baada ya mwingine: joto, unyevu, mwanga, wadudu wa kula na tiba. Ndipo watoto wakaanza kuzaliwa kwa wingi.

Mwaka 2009 chura wa Kihansi alitangazwa kuwa ametoweka porini. Waliobaki ni wale waliotunzwa tu. Mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa nyumbani, wakatunzwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani. Mwaka 2012 vyura wakaanza kurejeshwa korongoni Kihansi. Kazi hiyo inataka uvumilivu, maana kuvu bado ni tishio na manyunyu yanategemea mabomba ya binadamu. Bomba likiziba, chura hana pa kukimbilia.

CHURA ANA FAIDA GANI?

Wapo watakaosema: "Umeme ni wa watu. Chura ni chura tu." Umeme tunauhitaji, hilo halina ubishi. Hospitali zinauhitaji, na mashine za kusaga zinauhitaji. Lakini tazama: mitambo inazunguka na vinyunyizio vinafanya kazi. Sehemu ndogo ya maji iliachwa kwa ajili ya korongo. Wasingejua mwili wa chura unataka nini, wangebaki kubishana tu: umeme au chura. Walipojua, waliweza kupima maji kiasi gani yanatosha.

Tena chura hula wadudu. Na kwa kuwa ngozi yake hupitisha vitu vingi, maji yakichafuka yeye huumia mapema. Mahali vyura wanapokufa ovyo, watu nao wayachunguze maji yao.

SISI TUFANYE NINI?

1. Usioshe bomba la kupulizia dawa mtoni wala kwenye kijito. Dawa inayoua wadudu inapita pia kwenye ngozi ya chura, na maji hayo jirani yako wa chini anayateka.

2. Usihamishe vyura kutoka bonde moja kwenda jingine. Ugonjwa husafiri pamoja nao.

3. Ukiona vyura wengi wamekufa mahali pamoja, mweleze afisa mifugo au ofisa wa mazingira wa kata.

4. Kabla ya kufyeka kando ya mto au kuziba chemchemi, uliza kwanza: nani anaishi hapa, na mwili wake unategemea nini?

Kupenda kiumbe ni jambo jema, lakini hakutoshi. Chura wa Kihansi alipendwa na watu wengi, na bado nusura apotee kabisa. Kilichomwokoa ni watu waliokaa chini wakajifunza anavyokunywa, anavyozaa na anavyougua. Mfugaji wa kuku huanza hivyo hivyo.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Kwa nini bwawa lisingemsaidia chura wa Kihansi?
2. Eleza jinsi ugonjwa wa ngozi unavyoweza kuusimamisha moyo wa chura.
3. Taja mnyama mmoja unayemfuga. Unajua nini juu ya mwili wake kinachokusaidia kumtunza?
4. Je, vyura bado wanasikika mtaani kwenu wakati wa masika kama zamani? Kama wamepungua, mnadhani ni kwa nini?