Mtoni Hakuna Hakimu

Asubuhi, chini ya vilima vya Lwiro, mashariki mwa Kongo, akina mama wanateremka mtoni na mabeseni. Nguo zikishaanikwa majanini, wanaoga. Mmoja anamsugua mwenzake mgongo. Tumbo la huyu lina kovu la upasuaji wa uzazi, mapaja ya yule yana michirizi, na hakuna anayeshangaa. Kando yao yupo mama aliyejifungua karibuni, kikwembe kimebana kifuani. Anatazama.

Ulaya wanaotafuta kitu kama hiki wamekipa jina, naturizimu: watu wazima kukaa uchi pamoja kwa hiari, pasipo nia ya ngono. Mwaka 2018 mwanasaikolojia Keon West wa Goldsmiths, London, alichapisha utafiti uliohusisha Waingereza 849. Waliozoea shughuli hizo waliridhika zaidi na maisha, kwa kuwa waliikubali zaidi miili yao. Lakini je, si anayejipenda ndiye anayethubutu kuvua? Ndiyo maana jaribio lake la 2020 lina uzito, ingawa lilikuwa na watu 51 tu. Waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakutane wamevaa, wengine uchi. Waliovua waliithamini zaidi miili yao, maana ile hofu ya "wananionaje?" ilikuwa imepungua.

Naelewa kwa nini. Jicho hujua kilicho cha kawaida kutokana na linachokizoea. Anayeshinda kwenye simu huona miili iliyochaguliwa, ikamulikwa, ikasahihishwa. Akigeukia kioo anajiona ana kasoro. Mtoni jicho linapata miili kama ilivyo.

Hata hivyo uchi peke yake haumponyi mtu, na sisi wa hapa tunalijua hilo kuliko wengi. Taasisi ya utafiti IRSAC, iliyoundwa 1947, makao yake yalikuwa hapa hapa Lwiro, kwenye majengo ambayo leo ni ya kituo cha utafiti cha CRSN. Katika kituo chake cha Astrida, Rwanda, mwanaanthropolojia Jean Hiernaux alipima maungo ya watu: kimo, pua, fuvu. Baadaye yeye mwenyewe aliikataa dhana ya mbari. Lakini aliyesimama mbele ya kipimo alikuwa wa kutazamwa tu.

Kisha ikaja vita, na kumvua mwanamke kukawa silaha. Hospitali ya Panzi, Bukavu, imewatibu walionusurika ukatili huo tangu 1999. Kumwambia mwanamke aliyepitia hayo kwamba kuvua nguo kutamletea amani ni kumuumiza mara ya pili. Haki yake ya kwanza ni kujifunika, na kuamua mwenyewe nani amwone, lini, mpaka wapi.

Kwa hiyo anayeniuliza aanzie wapi simwambii avue. Namwambia atafute watu ambao mbele yao hapimwi.

Yule mama mzazi amelegeza kikwembe hadi kiunoni, basi. Hakuna aliyemwuliza chochote. Jirani yake amemnyooshea sabuni.