KUGHANI AU KUCHAPISHWA? TUJIFUNZE KWA DYLAN THOMAS

Katika chama chetu kuna ubishi ambao hauishi. Wako wanaosema ushairi ni sauti, na kwamba shairi lisiloghanwa ni sawa na ngoma isiyopigwa. Wako wengine wanaoshikilia kuwa sauti huenda na upepo, na kinachobaki ni kile kilichopigwa chapa. Msimu wa tamasha ukifika, waghani huchukua muda wote wa mikutano, na mhariri wa jarida huanza kuombaomba mashairi kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani. Waandishi nao hununa. Mimi nimezisikiliza pande zote mbili, nikaona heri nilete shahidi kutoka mbali, mtu aliyeyafanya yote mawili kwa kiwango cha juu kabisa. Shahidi huyo ni Dylan Thomas, mshairi wa Wales.

ALIKOTOKA

Wales ni nchi ndogo iliyo upande wa magharibi wa kisiwa cha Britania. Wenyeji wake wana lugha yao, Kiwelisi, ambayo haifanani na Kiingereza hata kidogo. Ni watu wanaowaheshimu sana washairi. Kila mwaka mwezi wa Agosti hufanya tamasha kuu la taifa liitwalo Eisteddfod. Mshindi wa utungo wa kufuata arudhi hupewa kiti cha mbao kilichochongwa kwa ajili yake. Washindani huandika kwa majina ya kupanga, na mshindi hajulikani na umati mpaka tarumbeta zilie, naye ainuke palepale alipoketi. Hebu fikiria moyo unavyodunda!

Lakini Dylan hakupitia mlango huo. Alizaliwa mjini Swansea tarehe 27 Oktoba, 1914. Wazazi wake walikijua Kiwelisi, ila waliwalea watoto wao kwa Kiingereza, na hata wakampeleka kijana wao kwa mwalimu wa matamshi ili Kiingereza chake kinyooke. Matokeo ni kwamba mshairi huyu wa Wales alitunga kwa Kiingereza maisha yake yote. Jambo hilo limezua maneno mengi kwao, nasi tunaosoma kwa lugha mbili au tatu tunaweza kuuelewa uchungu wake.

ALIANZIA KATIKA JARIDA LA SHULE

Hapa ndipo nataka wanachama wategee sikio. Baba yake alikuwa mwalimu wa Kiingereza katika shule ya upili aliyosomea Dylan mwenyewe. Kijana alianza kuchapishwa katika jarida la shule hiyo tangu mwaka wa 1925, alipoingia, na baadaye akawa mhariri wake. Kwa hivyo asije mtu akatuambia kuwa jarida la shule ni mchezo wa watoto.

Hata hivyo, si kila kitu kilikuwa safi. Akiwa na umri wa miaka 12, mwaka wa 1927, gazeti la Western Mail lilichapa shairi lililobeba jina lake. Watu walilisifu. Miaka ikapita, Dylan akafa, na mwaka wa 1971 ikagunduliwa kwamba shairi hilo alikuwa amelinakili kutoka jarida moja la wavulana. Jamani, njia ya mwongo ni fupi, lakini hii ilichukua miaka 44! Wanaonakili mashairi ya watu na kumpelekea mhariri wajue kwamba karatasi haisahau.

DAFTARI ZAKE

Aliacha shule akiwa na miaka 16 akawa ripota wa gazeti la mjini kwao. Wakati huo alikuwa akijaza madaftari. Kuanzia mwaka wa 1930 hadi 1934 alitunga mashairi kwa wingi, akiyapiga msasa na kuyanakili upya kwa mkono. Mashairi mengi ya vitabu vyake vya mwanzo yalichotwa humo.

Kuchapishwa kwake kulikuja kwa njia ya shindano. Gazeti la London lililoitwa Sunday Referee lilikuwa na safu ya mashairi, na zawadi yake kubwa ilikuwa kumsaidia mshairi atolewe kitabu. Dylan aliipata. Diwani yake ya kwanza, 18 Poems, ikatoka Desemba 1934 akiwa na miaka 20 tu. Ya pili ilifuata mwaka wa 1936, safari hii ikichapwa na kampuni kubwa ya J. M. Dent, ambayo iliendelea kumchapa hadi mwisho.

Lakini sifa hazikujaza chungu. Mwaka wa 1941, kwa sababu ya shida ya pesa, aliyauza madaftari yake kwa maktaba ya chuo kikuu cha Buffalo, Marekani. Alikuwa na miaka 26. Ghala alilokuwa akichota likawa limekwenda.

SAUTI YAMPATIA MKATE

Hapo ndipo sauti ilipoingia kazini. Dylan alikuwa na sauti nzito, yenye mawimbi, kama ya mhubiri aliye juu ya mimbari. Shirika la BBC lilimtumia sana hasa baada ya Vita vya Pili vya Dunia, naye akashiriki katika vipindi zaidi ya 100. Alisoma mashairi, akasimulia hadithi, akajadiliana na wenzake. Nimeisikiliza sauti hiyo katika rekodi zilizobaki. Sikuelewa kila neno, maana mashairi yake ni magumu kama kokwa la embe, lakini mapigo niliyasikia, na nikarudia kusikiliza tena.

Mwaka wa 1950 alikwenda Marekani kwa mwaliko wa John Malcolm Brinnin, aliyekuwa akisimamia kituo cha ushairi jijini New York. Usomaji wa kwanza ulihudhuriwa na watu wapatao 1,000. Halafu akazungushwa katika vyuo na kumbi zipatazo 40 kwa muda wa miezi mitatu. Leo yuko mashariki, kesho yuko California. Desturi yake ilikuwa kuanza na mashairi ya wengine, kama Yeats na Hardy, ndipo amalizie na yake. Huo ni uungwana ambao waghani wetu wanaweza kuuiga.

Alirudi Marekani mwaka wa 1952, na mara mbili mwaka wa 1953. Katika safari ya 1952 wanawake wawili vijana waliokuwa wakianzisha kampuni ya santuri iitwayo Caedmon walimwomba arekodi. Walimwahidi dola 500. Mashairi aliyoyasoma hayakutosha kujaza santuri, basi akaongeza hadithi yake ya Krismasi ya utotoni Wales, iliyokuwa imetoka katika jarida moja tu. Santuri ile iliuzwa mno, na hadithi iliyotumiwa kuziba nafasi ikawa miongoni mwa kazi zake zinazopendwa zaidi. Mwaka huohuo diwani ya mashairi yake yote aliyotaka kuyahifadhi ilitoka, ikanunuliwa vizuri. Nani atasema hapo kwamba sauti haiuzi kitabu?

GHARAMA YAKE

Sasa tugeuze sarafu. Dylan alikuwa mtungaji wa polepole sana. Nyumbani kwake Laugharne, kando ya maji, alikuwa na kibanda cha kuandikia, na humo angeweza kukaa mchana mzima akatoka na mstari mmoja au miwili. Brinnin aliona karatasi zaidi ya 200 za kazi ya shairi moja tu, Fern Hill. Kazi ya namna hiyo inataka utulivu, na utulivu haupatikani ndani ya gari la moshi, wala katika karamu za kila usiku ambako kila mwenyeji anataka kumnunulia mshairi kinywaji. Baada ya diwani yake ya 1946, kitabu kipya cha mashairi kilichofuata kilitoka Marekani mwaka wa 1952. Kilikuwa na mashairi 6.

Kisa cha mchezo wake wa redio, Under Milk Wood, kinaeleza yote. Ulisomwa jukwaani New York tarehe 14 Mei, 1953, huku yeye akiandika kurasa za mwisho siku ileile, waigizaji wakisubiri. Mtu mmoja aliweka kipaza sauti sakafuni pale jukwaani, na ndiyo sababu tunayo sauti ya Dylan katika mchezo huo. Oktoba, kabla ya kusafiri tena, aliupoteza mswada mjini London. Douglas Cleverdon wa BBC, ambaye kwa bahati nzuri alikuwa ameshaupigisha taipu, aliutafuta akaukuta katika baa. Tarehe 9 Novemba, 1953, Dylan alifariki hospitalini New York akiwa na miaka 39. Pombe na ugonjwa wa mapafu vilikuwa vimemmaliza. BBC waliutangaza mchezo huo Januari 1954, mwenyewe akiwa kaburini Laugharne.

MAONI YANGU

Pande zote mbili za ubishi wetu zina haki, ila kila upande una nusu tu. Kughani kulimpa Dylan jina, hadhira na nauli, lakini hakukumwandikia hata ubeti mmoja. Alipokuwa akisimama jukwaani, alikuwa anakula akiba iliyowekwa na yule kijana wa madaftari. Na kama Cleverdon asingeupigisha taipu mchezo ule na kuusaka, sauti tamu isingetuokoa. Kwa upande mwingine, maelfu walinunua vitabu vyake kwa kuwa walimsikia kwanza. Waandishi wanaodharau jukwaa walitafakari hilo.

Kwa hivyo napendekeza jambo moja, na mwenyekiti alipeleke mkutanoni: kila mwanachama anayetaka kughani katika tamasha amkabidhi mhariri nakala safi ya shairi lake kabla ya kupanda jukwaani, iwe ni lake kweli. Na kila anayeandika alisome shairi lake kwa sauti mbele ya wenzake kabla halijapigwa chapa. Tukifanya hivyo, jarida litajaa na jukwaa halitapoa.

Wino usikauke, sauti isikauke. Kiswahili kitukuzwe!