Mshauri wa Wanafunzi Asishike Fimbo

Mwanafunzi wa sekondari aitwapo ofisini na mwalimu, neno la kwanza limjialo moyoni ni, "Nimekosa nini?" Hajiulizi kama kuna habari njema, wala kama yupo mtu atakaye kumsaidia. Huchomekea shati vizuri, hupiga hodi kwa sauti ndogo, na macho yake huangukia kwanza ile fimbo iliyolazwa juu ya kabati. Basi tuulize, ndugu wasomaji: mtoto huyu akiwa na jambo zito linalomsumbua, kama vile njaa nyumbani, au msiba wa baba, au mtu mzima amfuataye-fuataye njiani, atampelekea nani habari hiyo katika shule ile?

Jibu la makaratasi lipo. Waraka wa Elimu Na. 11 wa mwaka 2002 uliagiza huduma za ushauri na unasihi zianzishwe mashuleni na katika vyuo vya ualimu. Shule nyingi zina mwalimu aliyeteuliwa kwa kazi hiyo, na penye uangalifu huteuliwa wawili, mwanamume na mwanamke, ili wasichana wasione haya kusema yao. Jina la mwalimu huyo limeandikwa ukutani katika orodha ya majukumu. Walakini mwalimu huyo huyo hufundisha vipindi vyake vyote, husahihisha madaftari ya mikondo mitatu, hushika zamu, na katika shule si haba, na hapa ndipo penye kisa chenyewe, yeye ndiye pia mwalimu wa nidhamu. Asubuhi huchapa waliochelewa; mchana hutarajiwa kuwasikiliza wale wale wakimweleza kwa nini huchelewa.

Wako watakaosema kwamba habari hizi za ushauri ni mambo ya anasa, yaliyoletwa kutoka nchi za matajiri kwa ajili ya watoto wa matajiri. Yafaa tuwakumbushe historia, maana wanaosema hivyo hawaijui. Kazi hii ilizaliwa miongoni mwa watoto wa wafanyakazi. Mwezi wa Januari 1908, katika mji wa Boston, Marekani, bwana mmoja aitwaye Frank Parsons, aliyekuwa amesomea uhandisi na sheria, alifungua ofisi ya kuwasaidia vijana kuchagua kazi. Hakuifungua katika mtaa wa mabwana. Kazi hiyo ilitoka katika nyumba ya huduma kwa wananchi iliyokuwa North End, mtaa wa wahamiaji kutoka Italia na Urusi, ambako vijana waliacha shule mapema na kuingia katika kazi yoyote waliyoikuta mlangoni, nao wakadumu humo hata uzee. Parsons aliona kwamba kijana maskini hukosa fedha, lakini hukosa pia mtu wa kumweleza njia zilizopo. Mtoto wa wakili huambiwa mezani, wakati wa chakula, jinsi mtu awavyo wakili. Mtoto wa mpagazi atamwuliza nani?

Mafundisho ya Parsons yalikuwa na hatua tatu, na mpaka leo hatujaona mtu aliyeyashinda kwa wepesi wake: kijana aijue nafsi yake, yaani vipawa vyake na upungufu wake, kisha azijue kazi zilivyo, zinadai nini na zinalipa nini, halafu akae na mtu mwenye busara apime haya mawili pamoja. Parsons mwenyewe hakuishi kuona matunda. Alifariki mwaka ule ule wa 1908, na kitabu chake kikatolewa mwaka uliofuata.

Marekani waliichukua kazi ile wakaiingiza katika shule zao za sekondari, na baada ya Warusi kurusha chombo cha Sputnik mwaka 1957, serikali yao ikatunga sheria mwaka 1958 iliyotoa fedha za kuwafundisha washauri wa shule, kwa hofu kwamba vijana wenye vipawa vya sayansi walikuwa wakipotea bila kutambuliwa. Leo chama chao cha washauri wa shule hupendekeza mshauri mmoja kwa wanafunzi 250. Hata hivyo katika mwaka wa masomo 2022/23 wastani wa nchi nzima ulikuwa wanafunzi 385 kwa mshauri mmoja, na wengi wao hulalamika kwamba hupotezewa saa katika kupanga ratiba na kusimamia mitihani. Kwa hiyo hatuwatazami kana kwamba wamefika peponi. Lakini liko jambo moja waliloliona mapema: chama hicho huihesabu kazi ya kutoa adhabu kuwa si kazi ya mshauri.

Turudi sasa nyumbani, tuone kazi yenyewe ilivyo nzito.

Mwanafunzi wa kidato cha nne hana budi kujaza fomu ya machaguo, ile waiitayo Selform, aonyeshe tahasusi aitakayo kwa kidato cha tano au chuo akitakacho. Zamani tahasusi zilikuwa 16, na hata hizo ziliwashinda wengi. Mwaka 2024 serikali iliongeza nyingine 49, zikawa 65. Ni jambo jema, kwa kuwa milango imezidi. Lakini milango 65 mbele ya kijana wa miaka 17 asiye na mtu wa kumweleza ipi inaelekea wapi ni sawa na giza. Tutoe mfano mmoja tu. Kijana atakaye kuwa daktari wa binadamu hudaiwa na vyuo vikuu awe amefaulu Fizikia, Kemia na Baiolojia katika kidato cha sita. Akichagua Kemia, Baiolojia na Jiografia kwa sababu rafiki yake kachagua hivyo, au kwa sababu aliiogopa Fizikia ya mwalimu fulani, atasoma miaka miwili kwa bidii, atafaulu vizuri kabisa, kisha ataambiwa dirishani kwamba mlango ule kwake umefungwa. Hakukosa akili, wala hakukosa juhudi. Alikosa mazungumzo ya nusu saa, mwaka mmoja kabla ya mtihani wa kidato cha nne.

Na mfano wa pili, ambao twauona mchungu zaidi. Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, hukopesha wanafunzi wa elimu ya juu wasio na uwezo, na yatima ni katika wale wanaofikiriwa. Ila yatima hana budi kuthibitisha uyatima wake kwa cheti cha kifo cha mzazi, nacho kihakikiwe na RITA, na cheti chake cha kuzaliwa kadhalika. Sasa baba alifia kijijini, akazikwa, na wala hakuna aliyekwenda kuandikisha kifo, maana nani hufikiri habari za karatasi siku ya msiba? Miaka kumi baadaye kijana amefaulu kidato cha sita, dirisha la maombi li wazi kwa majuma machache, naye anazunguka kutoka kwa mtendaji wa kijiji hadi wilayani akitafuta karatasi ya kumthibitisha baba yake kuwa ni marehemu. Mshauri mwema angalimwuliza habari hiyo katika kidato cha tatu, wakati muda ungali upo. Hakuna elimu kubwa hapa. Ni kumjua mtoto, na kuuliza mapema.

Kuhusu vyuo vya ufundi tutasema neno fupi tu: kijana apelekwaye huko kwa kuambiwa kwamba ameshindwa, hata mashine ataishika kama mtu aliyeshindwa. Mshauri ndiye wa kumweleza kwamba fundi umeme mzuri halali njaa.

Yapo pia yale mambo yasiyohusu fomu. Wanafunzi wengi wa shule za kata hukaa mbali, nao hupanga vyumba karibu na shule, wakajipikia, wakaamka wenyewe, bila mzazi wa kuwatazama. Huko ndiko zinakoanza hadithi nyingi tuzisikiazo mwishoni mwake. Mwezi wa Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba msichana aliyekatiza masomo kwa sababu ya ujauzito ataruhusiwa kurudi katika shule za kawaida. Tangazo hilo lilikuwa la haki. Lakini tangazo humfikisha msichana getini tu. Kutoka getini hadi darasani, mbele ya wenzake wanaonong'ona, huku maziwa yakimvimba na mtoto akiwa kwa bibi, huhitaji mtu mmoja wa kumpokea, wa kumtafutia daftari za masomo yaliyompita, na wa kusema na wenzake kabla hajaingia. Mtu huyo asipokuwapo, msichana atarudi juma moja kisha hataonekana tena, nasi tutaandika katika taarifa kwamba alipewa nafasi akaikataa.

Hapo ndipo tunapofika kwenye fimbo. Kanuni za mwaka 2002 zaruhusu adhabu ya viboko visivyozidi vinne, itolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, na iandikwe katika kitabu. Kama adhabu hiyo inafaa au haifai, hayo ni mabishano mengine, na leo hatuyaingii. Tunachosema ni hiki: mkono uandikao katika kitabu kile usiwe mkono ule ule unaopokea siri za watoto. Sisi tuliosoma katika shule za misheni tulichapwa, tena sana, lakini padre aliyekaa kutusikiliza maungamo hakuingia na fimbo kitubioni, na kama angaliingia nayo, nadhani dhambi zetu zote zingalikuwa ndogo ndogo. Na kabla ya misheni, wazee wetu walijua hivyo pia. Baba alipoadhibu, mtoto alikimbilia kwa bibi, na bibi ndiye aliyeusikia ukweli. Shangazi alimshauri binti mambo ambayo mama mwenyewe hakuyagusa. Hawakuwa na waraka, lakini walitenganisha mkono wa kurudi na sikio la kusikiliza.

Wala hatusemi mshauri awe mtu wa kuficha maovu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 humtaka mtu yeyote katika jamii aliye na ushahidi kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa serikali ya mtaa. Mshauri aliyefunzwa humweleza mtoto jambo hilo tangu mwanzo: haya tutayaweka baina yetu, ila nikisikia kwamba unaumizwa, sitanyamaza, na tutakwenda pamoja. Maneno hayo ni machache, lakini mwalimu asiyefunzwa hayajui, naye huangukia shimo moja kati ya mawili. Ama hukaa na siri ambayo ingalimwokoa mtoto, ama huipeleka ofisi ya walimu wakati wa chai, na kufikia saa sita shule nzima inajua. Mtoto mmoja akitendewa hivyo, mia wamejifunza kunyamaza.

Twajua jibu litakalokuja: walimu hawatoshi, hata wa hisabati wamepungua, sembuse wa kukaa na kusikiliza. Ni kweli hawatoshi. Shule za kata zilienea upesi baada ya mpango wa mwaka 2004, na ada za kidato cha kwanza hadi cha nne zikaondolewa mwaka 2016, wanafunzi wakajaa. Hatudai kesho kila shule iletewe mtaalamu aliyehitimu chuo kikuu, ingawa siku moja hatuna budi kufika huko. Tunadai yaliyo ndani ya uwezo wa shule zenyewe. Mwalimu aliyeteuliwa kuwa mshauri apunguziwe vipindi, walau nusu siku katika juma iwe ya kazi hiyo, nayo iandikwe katika ratiba kama somo jingine. Aondolewe katika nidhamu. Apelekwe mafunzo, na akirudi asihamishiwe kazi nyingine baada ya muhula mmoja, kama ilivyo desturi yetu mbaya. Na apewe chumba. Ghala la madawati mabovu linatosha likisafishwa, lakini liwe na mlango unaofungika, na mlango huo usitazamane na ofisi ya mkuu wa shule, ili mtoto aingiaye asihesabiwe na kila apitaye.

Katika bodi za shule wamo wenzetu wengi: wafanyakazi, wakulima, viongozi wa matawi na wa mitaa. Kila kikao husomewa taarifa ya ufaulu, ya madarasa na ya matundu ya vyoo, nasi hatusemi mambo hayo si muhimu. Lakini kikao kijacho, mjumbe mmoja anyanyue mkono, amwombe mkuu wa shule amtaje mwalimu mshauri kwa jina, aonyeshwe na saa zake katika ratiba. Akishajibiwa, waondoke wajumbe wote kwa miguu yao wakakitazame kile chumba, waone kina viti vingapi, na waulize ufunguo anakaa nao nani.