Redio ya Ridhaa (3): Waya Kwanza, Redio Baadaye

Mtu akishafaulu mtihani na kupeleka maombi ya leseni, TCRA kwa Tanzania au Mamlaka ya Mawasiliano kwa Kenya, swali linalomjia haraka ni anunue redio gani. Naomba swali hilo lingoje kidogo. Jiulize kwanza: waya wa antena utautundika wapi?

Wengi huanza na redio ndogo ya mkononi, kwa sababu bei yake inabebeka. Lakini mawimbi ya bendi ya mita 2, yaani megahezi 144 hadi 146, husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, na kilima au jengo kubwa huyakatiza. Penye repita, yaani kituo cha kupokea na kurusha upya mawimbi, juu ya mlima, au mwenzio mtaa wa pili, redio hiyo inafaa sana. Pasipo na hayo itakaa kimya, na inasikitisha kuona kijana mwenye bidii akiikatia tamaa fani nzima kwa sababu ya kimya hicho. Kwa sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, uhai wa redio ya ridhaa uko kwenye masafa mafupi.

Huko antena ndiyo kila kitu. Anza na dipole, ambayo ni waya uliokatwa katikati na kulishwa hapo kwa kebo. Gawa 143 kwa idadi ya megahezi, upate urefu wote kwa mita. Kwa megahezi 7.1 ni kama mita 20, yaani mita 10 kila upande; kwa 28.4 ni mita 5 tu. Waya wa kawaida wa umeme wa nyumba unatosha, na vipande vya bomba la plastiki vitafanya kazi ya vihami mwishoni. Kata mrefu kidogo kuliko hesabu, kisha punguza kidogo kidogo huku ukipima SWR, kipimo cha nguvu inayorudishwa na antena.

Kwa nini nasisitiza waya kuliko wati? Tazama hesabu. Ukitoka wati 100 kwenda 400, kwa gharama kubwa sana, anayekusikiliza ataona mita yake ikipanda hatua moja tu ya S, yaani desibeli 6. Kati ya wati 10 na 100 kuna desibeli 10, hazifiki hatua mbili. Kuihamisha antena kutoka ukutani kwenda juu ya mnazi kunaweza kukupa zaidi ya hapo, na kunakusaidia kusikia pia, jambo ambalo wati haziliwezi kamwe. Kebo nayo isisahauliwe: mita 20 za RG-58 kwenye bendi ya mita 2 humeza zaidi ya nusu ya nguvu yako, ingawa kwenye megahezi 7 hasara ni ndogo.

Halafu kelele. Chaji za simu, taa za LED na vidhibiti vya sola vya bei rahisi hutoa mivumo inayofunika stesheni dhaifu. Kabla hujalipia chochote, chukua redio ya kawaida yenye masafa mafupi, izungushe nyumba nzima na uwanjani, uzime kifaa kimoja kimoja ukisikiliza. Redio ya wati 100 huvuta takriban amperi 20 inaporusha, kwa volti 13.8, kwa hiyo betri nzuri ni rafiki mkubwa: umeme ukikatika mtaa mzima, kelele nyingi hukatika pamoja nao, na wewe unaendelea.

Sasa namna za kurusha. Mgeni aanze na sauti, kwa SSB (mkanda mmoja wa pembeni), kwenye bendi ya mita 40, ile ya megahezi 7. Dipole iliyo mita 6 au 8 tu kutoka ardhini hurusha mawimbi juu, na mchana ionosfea huyarudisha chini ndani ya eneo la kilomita mamia kadhaa. Dar es Salaam inaweza kuzungumza na Dodoma, Mombasa au Nairobi, kwa Kiswahili, bila mnara wa mtu yeyote. Hapa ufupi wa nguzo ni faida. Usiku bendi hufungukia mbali zaidi, lakini msimu wa mvua radi huivuruga sana.

Kwa mabara mengine nenda mita 20, 15 na 10, na hapo inua waya. Jua lilifika kilele cha mzunguko wake wa 25 mwaka 2024, na katika miaka ya karibu na kilele bendi ya mita 10 hufika mbali mchana hata kwa wati chache. Tena alama za mwito zinazoanza na 5H (Tanzania) au 5Z (Kenya) hazisikiki kila siku Ulaya na Marekani. Ita mara moja, watakutafuta wao.

Namna nyingine ni ya kidijitali: FT8, iliyotoka mwaka 2017, ni kazi ya Joe Taylor, mshindi wa Nobeli ya fizikia ya 1993, na Steve Franke. Kila zamu ni sekunde 15, upana ni hezi 50 tu, na kompyuta huisoma hata sikio lisiposikia kitu. Saa ya kompyuta lazima iwe sahihi, na nguvu ishushwe hadi nusu kwa sababu redio hurusha mfululizo na kupata joto. Ni namna bora ya kujua antena yako inafika wapi. Lakini utapeleka alama ya mwito, eneo lako, kwa mfano KI93 kwa Dar es Salaam, na kiwango cha usikivu, basi. Asiyepita hapo hajazungumza na mtu. Morse inataka miezi ya mazoezi, nayo huwalipa vizuri wenye redio ndogo na nafasi finyu.

Sehemu ijayo itahusu radi na jinsi ya kuzika waya wa ardhi. Hadi hapo, wingu likitanda, chomoa kebo ya antena na uiache nje ya dirisha.