Majina na Alama: Kulipitia Jedwali la Jozi katika Lugha ya Java

Mwalimu wa darasa anapotaka kujua alama za mwanafunzi mmoja, hutafuta jina katika daftari, kisha husoma tarakimu zilizoandikwa mbele yake. Jina ni ufunguo. Alama ni thamani. Siku ya kuandika ripoti za muhula kazi hubadilika: mwalimu hatafuti tena mtu mmoja, bali hulipitia daftari zima, jozi moja baada ya nyingine. Kompyuta nayo hufanya kazi hizo mbili, yaani kutafuta na kupitia. Kosa dogo katika kazi ya pili laweza kumpa mwanafunzi alama zisizo zake.

Katika Java, lugha ya programu iliyotolewa na kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani mwaka 1996, jedwali la namna hii huitwa Map. Aina yake itumikayo sana ni HashMap, iliyoingizwa katika toleo la 1.2 mwaka 1998.

Visanduku 16

HashMap haiyapangi majina kwa alfabeti, wala kwa zamu ya kuingia. Kila jina hukokotolewa likawa namba, na namba hiyo huonyesha kisanduku ambamo jozi itawekwa. Kwa kawaida jedwali jipya huwa na visanduku 16, vinavyohesabiwa kuanzia 0 hadi 15. Faida yake ni kasi: alama za Juma zikitakiwa, kompyuta huenda moja kwa moja kwenye kisanduku chake bila kuwapitia wanafunzi wengine.

Chukua mfano wa wanafunzi watatu walioingizwa kwa zamu hii: Juma 71, Asha 64, Neema 83. Kwa ukokotoaji unaotumika tangu toleo la 8, Asha huangukia kisanduku namba 4, Neema namba 8, na Juma namba 12. Mzunguko unaovipitia visanduku tangu mwanzo utatoa Asha, Neema, Juma. Huo si mpangilio wa kuingia, wala si wa alfabeti. Tena haudumu: jozi zikizidi 12, yaani robo tatu ya visanduku, visanduku huongezwa vikawa 32, na jozi hugawanywa upya.

Hapa ndipo kosa huzaliwa. Mwandishi wa programu aweza kuchapa alama peke yake, akitumaini kwamba zitafuata orodha ya majina aliyokwisha kuichapa. Alama zitatoka 64, 83, 71. Zikiwekwa mbele ya Juma, Asha na Neema, Juma atapewa alama za Asha, Asha za Neema, na Neema za Juma. Kompyuta haitatoa onyo lolote, kwa kuwa imefanya sawasawa na ilivyoagizwa.

Dawa yake ni kuichukua jozi nzima kwa pamoja:

for (Map.Entry<String, Integer> jozi : alama.entrySet()) {
    System.out.println(jozi.getKey() + " " + jozi.getValue());
}

Iko njia nyingine, ya kuchukua funguo kwa keySet kisha kuuliza thamani ya kila mmoja kwa get. Jibu lake ni sahihi, ila kompyuta hulazimika kutafuta upya kitu ambacho tayari ilikuwa imekifikia.

Kufuta katikati ya safari

Kosa la pili ni kufuta jozi kutoka katika jedwali wakati mzunguko ukiendelea. Mara nyingi Java hulitambua na kuisimamisha programu kwa ujumbe ConcurrentModificationException, lakini haiahidi kulitambua kila mara. Njia salama ni amri removeIf, iliyoletwa na toleo la 8 mwaka 2014, ambayo huondoa jozi zote zenye sifa iliyotajwa.

Mpangilio ukihitajika

Palipo na haja ya mpangilio, sharti uombwe waziwazi. TreeMap hupanga kwa funguo. LinkedHashMap hutunza zamu ya kuingia. Asiyefanya hivyo hujiweka hatarini, kwani toleo la 8 lilibadilisha ukokotoaji wa visanduku, na programu zilizotegemea mpangilio wa zamani ziliweza kutoa majibu tofauti. Toleo la 9 la mwaka 2017 lilikwenda mbali zaidi: jedwali linaloundwa kwa Map.of laweza kubadili mpangilio kila programu inapoanzishwa upya. Jambo hilo lilifanywa kwa makusudi, ili pasiwe na mtu wa kuuzoea mpangilio asioahidiwa.

Zoezi zuri kwa darasa ni hili: wanafunzi waingize majina yao 12 katika HashMap, wachape jozi zote, kisha waongeze jina la 13 na kuchapa tena. Walinganishe orodha hizo mbili, na wahakikishe kwamba, hata pale zamu ilipobadilika, kila jina bado limeshikana na alama zake.