Je, Wajua? Aivi ya Sumu Nyuma ya Nyumba

Je, wajua kwamba mmoja wa mimea inayoogopwa zaidi kwenye viwanja vya nyumba za Marekani hauna mwiba hata mmoja, wala vinyweleo vya kuwasha kama vya upupu? Wenyeji huuita poizoni aivi. Hapa tutauita aivi ya sumu. Huota kando ya uzio, chini ya miti na pembeni mwa gereji, na ukipata mti wa kuparamia hupanda hadi kileleni. Mswahili anayenunua nyumba yake ya kwanza Ohio, Virginia au Minnesota huenda akakabidhiwa funguo na gugu hili likiwa ndani ya bei.

Je, wajua kwamba aivi ya sumu si aivi? Kapteni John Smith, yule wa koloni la Virginia, aliandika katika kitabu chake cha 1624 kwamba gugu hilo linafanana kwa umbo na aivi ya kwao Uingereza, na jina likaganda. Kwa ukoo ni jamaa wa mkorosho, mng'ong'o na mwembe. Ndiyo, ndugu msomaji: embe dodo ana binamu wa namna hiyo.

Je, wajua kwamba adui si jani, ni mafuta? Yanaitwa urushioli. Yamo kwenye majani, mashina na mizizi, na hutoka mmea unapovunjika au kuchubuka. Kiasi kisichofika punje moja ya chumvi kinatosha kumwasha mtu, na takriban asilimia 85 ya watu huathirika wakiyagusa. Karibu makosa yote yanayofanyika wakati wa kuliondoa gugu hili yanatokana na kudhani kwamba kazi ni kupambana na majani. Majani hufa. Mafuta hubaki.

Upupu hukuwasha papo hapo, kwa sababu vinyweleo vyake hubeba kimeng'enya kinachoishambulia ngozi. Urushioli haina haraka hiyo. Hupenya, hushikamana na protini za ngozi, halafu kinga ya mwili huiona ngozi hiyo kama ya mgeni na kuishambulia. Shambulio huchukua saa 12 hadi 72 kuonekana. Kwa hiyo mtu anafyeka Jumamosi, anaoga, anakula, analala usingizi mnono, kisha Jumatatu anaamka na malengelenge yaliyojipanga kwa mistari pale tawi lilipomparuza.

Je, wajua kwamba mara ya kwanza huenda usiwashwe kabisa? Mwili unakuwa bado unajifunza kumtambua adui. Hapa ndipo wageni wengi hudanganyika: mtu anang'oa gugu kwa mikono mitupu, hakuna kinachotokea, anatangaza kwamba ngozi ya Kiafrika haisikii vitu vya Kizungu. Msimu unaofuata anarudi na mikono ile ile, na safari hii mwili umeshajifunza. Tena kwenye ngozi nyeusi ule wekundu unaochorwa vitabuni hauonekani vizuri. Vipele huja na rangi ya zambarau au kahawia iliyokolea, na baada ya kupona alama nyeusi zinaweza kukaa kwa muda mrefu.

Je, wajua jinsi ya kulitambua gugu hili? Watoto wa Kimarekani hufundishwa kukwepa majani matatu, lakini mimea mingi isiyo na kosa ina majani matatu. Angalia zaidi. Jani la kati lina kikonyo kirefu kuliko ya pembeni, ambayo karibu hayana kikonyo. Mafungu ya majani hupishana kwenye tawi, moja huku, jingine kule juu kidogo. Yakikaa ana kwa ana, huenda ni mche wa mti uitwao boksi-elda, ambao unafanana nalo mno. Mwiba ukikuchoma, hiyo si aivi ya sumu. Majani matano ni mtambaazi mwingine unaopenda kuota bega kwa bega nalo. Shina lililoparamia mti huwa na vijimizizi vingi vya kahawia, likaonekana kama kamba yenye manyoya. Majira ya kupukutika majani hugeuka mekundu ya kupendeza sana, na watu huyachuma kupambia meza.

Bado una shaka? Vaa glavu, kunja jani ndani ya karatasi nyeupe, liponde kwa jiwe. Utomvu wa aivi ya sumu huacha doa la kahawia ambalo hugeuka jeusi ndani ya dakika chache. Kemia hiyo hiyo ndiyo Wajapani na Wachina wameitumia kwa karne nyingi: utomvu wa mti wa ukoo huo, wenye urushioli tele, hupakwa kwenye mabakuli na masanduku, ukakauka kuwa rangi ngumu inayong'aa. Ukishakauka sawasawa, hauwashi. Fundi anayeupaka ndiye anayeumia.

Je, wajua kwamba mashine ya kufyekea yenye uzi wa nailoni ni chaguo baya kuliko yote? Husaga mmea na kukurushia vipande vyenye mafuta miguuni, mikononi na usoni. Na mzizi haijaugusa.

Kama magugu ni machache, mkono na jembe dogo vinatosha. Ngoja mvua inyeshe udongo ulainike, vaa suruali ndefu, mikono mirefu, soksi juu ya pindo la suruali, na glavu za vinili au nzito za plastiki. Glavu nyembamba za lateksi, zile za zahanati, usizitegemee: urushioli hupenya. Fuata mzizi unakoelekea chini ya udongo, kwa sababu hutambaa kando, na kipande kinachobaki kinaweza kuchipua. Tia kila kitu kwenye mfuko mzito wa taka na uufunge. Usilitie kwenye mboji, wala usilisage kwenye mashine ya matawi. Kuhusu siku na namna ya kuzoa taka hizo, kila mji una utaratibu wake, ulizia.

Shina nene lililopanda mti halivutwi. Likate karibu na ardhi, kisha likate tena juu kidogo, toa kipande cha kati, na uliache lililobaki juu likauke lenyewe. Ukilivuta, litakuangukia kichwani na vumbi lake. Kisiki kilichobaki chini kipakwe dawa ya magugu kwa brashi, dakika hizo hizo za kukatwa, kabla jeraha halijafunga. Glaifoseti au traiklopiri ndizo zinazotumika sana. Glaifoseti haichagui, ikigusa nyasi au waridi la jirani, nalo linakwenda. Traiklopiri huua mimea ya majani mapana na kuziacha nyasi nyingi salama. Kupulizia majani hufaa yakiwa yamekomaa, siku isiyo na upepo wala mvua, na wengi husubiri mwisho wa kiangazi, wakati mmea unapeleka chakula chini mizizini, ukaishusha na dawa humo humo. Maelekezo ya kwenye lebo ni sheria. Kuzidisha kipimo si ujanja.

Asiyependa dawa anaweza kufunika eneo kwa turubai zito au plastiki nyeusi, msimu mzima au zaidi. Ni njia ya polepole. Mimi ningeipendekeza kwa mwenye watoto wadogo na subira, mradi kingo zikaguliwe, maana gugu hutafuta mwanga pembeni.

Je, wajua kwamba kulichoma moto ndilo kosa linaloweza kukufikisha hospitalini? Kwetu, ukishafyeka, unakusanya, unatia kiberiti. Hapa acha. Mafuta husafiri na moshi. Anayeuvuta anaweza kuvimba koo na mapafu, na moshi haubagui kati ya mwenye shamba na mtoto wa jirani anayecheza mpira. Wazimamoto wa misitu wanalijua hilo vizuri mno. Hali ni hiyo hiyo kwa kuni: gogo lililoshikwa na kamba yenye manyoya lisiingie kwenye meko.

Je, wajua kwamba mbuzi hula aivi ya sumu kama mchicha? Mwaka 2019 mbuzi 24 walipelekwa Riverside Park, jijini New York, kusafisha mteremko uliojaa magugu, hili likiwemo. Miji na wenye nyumba hukodi makundi ya mbuzi kwa kazi hiyo. Na kwa anayewaza kuhusu maziwa, utafiti uliochapishwa California mwaka 1992 ulionyesha kwamba mbuzi waliolishwa ndugu wa gugu hili hawakupitisha sumu kwenye maziwa yao. Manyoya yao ni hadithi nyingine. Kumkumbatia mbuzi aliyetoka kazini ni kujitakia. Pia mbuzi hula sehemu za juu tu, kwa hiyo hurudishwa tena na tena hadi mzizi uchoke.

Mbwa naye haathiriki kwa urahisi, lakini huleta mafuta sebuleni. Mwogeshe kwa shampuu, ukiwa na glavu.

Je, wajua kwamba mafuta hayo yanaweza kudumu kwenye mpini wa jembe kwa miaka? Taasisi ya Marekani ya usalama kazini inatahadharisha hadi miaka 5. Futa vifaa kwa spiriti au sabuni inayokata mafuta, na nguo zifuliwe peke yake kwa maji ya moto. Kamba za viatu husahaulika daima, na zipu ya suruali, ambayo kila mwanamume ataelewa kwa nini naitaja.

Ngozi nayo haihitaji miujiza. Nawa haraka, ndani ya dakika 10 ikiwezekana, kwa sabuni ya kuoshea vyombo na maji mengi, ukisugua kwa kitambaa hadi chini ya kucha. Kusugua ndiko kunakoondoa mafuta. Kupaka povu na kusuuza tu huyatandaza. Moja ya dawa maarufu za kusafishia urushioli Marekani ilibuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa kusudi jingine kabisa: kuondoa vumbi la mabomu ya nyuklia mwilini.

Wajua kwamba maji ya malengelenge hayaambukizi? Hayana urushioli. Vipele vinavyojitokeza siku ya nne ni vya sehemu iliyopata mafuta kidogo, au ya ngozi nene, inayochelewa. Losheni ya kalamini na kitambaa cha maji baridi hupunguza mwasho, na kwa kawaida yote huisha kati ya wiki moja na tatu. Uso ukivimba, sehemu za siri zikiguswa, au pumzi ikibana, nenda kwa daktari bila kusubiri. Akikuandikia vidonge vya steroidi, vimalize kama alivyoagiza. Ukivikatiza mapema, vipele hurudi.

Sasa turudi kwa ukoo wa mkorosho na mwembe. Wabanguaji wa korosho wa Mtwara na Lindi wanaufahamu utomvu wa ganda kwa mikono yao: unachoma na kubabua, nao ni ndugu wa karibu wa urushioli. Aprili 1982, klabu ya besiboli ya watoto huko Pennsylvania iliuza korosho zilizoagizwa kutoka nje ili kuchangisha fedha. Zilikuwa zimechafuliwa na mafuta ya ganda, na watu 54 wakapata vipele kama vya aivi ya sumu. Embe pia lina mafuta ya namna hiyo, lakini kwenye ganda na utomvu, si nyama. Utafiti wa mwaka 2005 ulieleza kundi la Wamarekani waliochuma embe nchini Israeli wakatoka vipele, ilhali wenzao Waisraeli, ambao hawajawahi kukutana na aivi ya sumu, hawakupata kitu. Watafiti walidhani huenda kula embe kabla ya hapo huufundisha mwili uvumilivu. Sisi tuliokua juu ya miembe tungependa sana iwe hivyo, ila glavu zivaliwe.

Je, wajua kwamba gugu hili linapenda hewa tunayoichafua? Katika msitu wa Chuo Kikuu cha Duke, North Carolina, watafiti waliongeza kabonidioksaidi kwenye viwanja vya majaribio kwa miaka 6. Matokeo, yaliyotangazwa 2006: aivi ya sumu ilikua kwa zaidi ya maradufu, na urushioli yake ikawa ya aina kali zaidi.

Na je, wajua kwa nini huota uzioni na chini ya miti, kana kwamba kuna mtu aliyeipanda kwa mstari? Ndege. Hula matunda yake meupe wakati wa baridi, wakatua, wakadondosha mbegu. Kwa hiyo hata ukiumaliza mwaka huu, kagua chini ya uzio kila majira ya kuchipua. Mche mchanga bado una mzizi mfupi. Hung'oka kwa vidole viwili, vyenye glavu.