Dawa Haiishii Zizini

Majani ya chai tunayoyatia birikani kila asubuhi, mengi hutoka nyanda za juu za Kericho na Bomet. Huko, mkulima mdogo mwenye shamba la chai aghalabu hufuga pia ng'ombe wawili watatu wa maziwa.

Ng'ombe akivimba kiwele, hudungwa antibiotiki. Dawa hiyo hubaki katika maziwa kwa siku kadhaa, na siku za kungoja huandikwa kwenye chupa yake. Hapo ndipo penye mtihani, kwani kuyamwaga maziwa ni kumwaga karo ya mtoto. Wapo wanaoyauza. Lakini Wakipsigis wanaye shahidi asiyehongeka, nao ni mursik, maziwa yagandishwayo kibuyuni. Yakiwa na dawa ya kutosha hukataa kuganda, kwa kuwa bakteria wema wanaoyachachusha wameuawa.

Dawa nyingine hutoka kwa mkojo na samadi, na mvua huikokota hadi mitoni. Mto Nyangores hupita Bomet, hukutana na Amala ukawa Mto Mara, nao Mara huvuka mpaka hadi Tanzania na kumwagika Ziwa Viktoria. Bakteria walioonja dawa kidogo bila kufa huweza kuwa sugu, kisha wakarithishana usugu huo. Mwaka 2019 usugu huo uliua moja kwa moja takriban watu milioni 1.27 duniani.

Kenya ilitoa sera ya taifa ya kuzuia usugu mwaka 2017, ikihusisha afya ya watu, mifugo na mazingira. Lakini sera haikamui ng'ombe. Anayekamua na aoshe mikono na kiwele, asafishe zizi, na amwite daktari wa mifugo kabla ya kununua sindano. Maziwa yenye dawa asimpe ndama wala asiyamwage mtoni. Ayafukie shimoni mbali na maji.

Nasi wa pwani tusijitoe. Vidonge vilivyobaki tuvirudishe kwa mfamasia badala ya kuvitupa chooni, na tusimeze antibiotiki kwa kila mafua. Mtume (S.A.W.) alikataza kuyachafua maji yaliyotuama, na alimkemea mchuuzi aliyeficha nafaka iliyolowa chini ya iliyo kavu. Makatazo hayo mawili hukutana katika kopo moja la maziwa. Hasara ya kuyamwaga ni ya siku chache. Dawa ikishindwa, atakayekosa tiba huenda akawa mtoto yule yule tuliyemtafutia karo.